Hodi Kutoka Chumba cha Vitabu

Haya ninayoyaandika yalitokea. Sikuyasikia kwa mtu wala sikuyaota. Nilikuwa macho, mchana, na mkononi nimeshika kitambaa cha kusugulia fedha. Kama hutaki kuamini sitagombana nawe. Lakini ukimaliza kusoma, nakuomba uutazame mlango wa nyumba yako, uone uso wake umeelekea wapi. Kisha uniambie kama ulilala vizuri.

Kwetu ni Msambweni. Nilipomaliza darasa la nane sikuendelea na masomo. Nilikaa nyumbani mpaka dada yangu Mwanamisi aliponitafutia kazi mahali alipokuwa yeye akipika. Ilikuwa nyumba kongwe ya mawe, iliyojengwa zamani na tajiri mmoja wa biashara ya nazi. Mzungu mmoja mwanamke aliinunua ikiwa gofu, akaitengeneza, akaijaza vitu vya kale, kisha akawafungulia watu waje kutazama kwa kiingilio. Sisi tulimwita Mama Kofia, kwa sababu ya kofia yake ya ukili ambayo haikumtoka kichwani hata akiwa mezani anakula.

Ndani ya nyumba ile mlikuwa na masanduku ya njumu za shaba, mirashi ya fedha ya kunyunyizia marashi, sahani za Kichina zilizopangwa katika zidaka za ukutani, na picha za watu waliovaa majoho ambao hakuna tena aliyewajua majina. Na vitabu. Chumba kizima cha vitabu vilivyoandikwa kwa mkono: misahafu ya wino mweusi na mwekundu, vitabu vya dua, vya nyota, vya tenzi, vingine karatasi zake zimekuwa nyepesi kama ganda la kitunguu. Kazi yangu ilikuwa kuvifuta vumbi, kufunua kurasa zisigandane, na kutia karafuu kwenye rafu ili wadudu wasivile. Mama Kofia alinipa mimi kazi hiyo kwa sababu nilitia udhu kabla ya kuvishika, na kwa sababu, alisema, mikono yangu haina haraka.

Mwanamisi aliposikia hivyo alicheka mpaka akashika ukuta. "Haraka aitoe wapi? Huyu hata ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba samahani!"

Alisema kweli. Mimi nilikuwa mtu wa haya. Kumwambia mtu mzima hapana, nilikuwa siwezi. Likumbuke hilo.

Wakati huo dada alikuwa mja mzito na miezi yake imetimia. Mimba mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika. Mumewe alikuwa ameachishwa kazi ya hoteli huko Diani wageni walipopungua, akaenda Mombasa kutafuta kibarua. Kwa hiyo tulikuwa sisi wawili tu. Dada alipika huku mkono mmoja uko kiunoni, na kila alipokaa chini ghafla, moyo wangu ulishtuka. Nguo za mtoto zilikuwa tayari. Alikuwa na leso mpya ya mbeleko, nyekundu, ambayo aliikunja na kuikunjua kila siku kama mtu anayesoma barua. Alikwenda nayo mpaka kazini, isije ikaibwa.

Ulikuwa mwaka wa zile mvua za El Nino. Barabara zilikatika, vyoo vilititia, nyumba za udongo zikayeyuka. Huko Jego, kusini kabisa, nyumba moja ya zamani sana ilianguka yote ukabaki mlango tu umesimama na miimo yake. Warithi wakauuza. Mama Kofia akamtuma Fundi Bakari na lori kwenda kuuchukua.

Fundi Bakari alikuwa seremala wa hapo hapo kwetu, mzee wa maneno mengi, mwenye penseli nyuma ya sikio. Mlango aliouleta, wallahi, sijapata kuona mzuri kama ule. Ulikuwa wa mbao nzito mbili, misumari ya shaba, pete kubwa ya kubishia, na nakshi ya mnyororo iliyozunguka miimo yote. Ila chini, upande wa kushoto, pete moja ya mnyororo ule haikuunganishwa. Fundi aliipitisha kidole. "Mchongaji aliitwa akale, akasahau kurudi," alisema.

Mama Kofia alitaka ufungwe kwenye chumba cha vitabu, na alitaka uso wa nakshi uwe kwa ndani, kwa sababu upande wa sebuleni chumvi ya bahari ingeula. Sasa hapa nielewe vizuri. Mlango wa nakshi una uso na una mgongo. Uso hutazama njia, pale anaposimama mgeni kubisha. Mgongo, wenye komeo, huwatazama wenye nyumba. Mlango wetu ulifungwa kinyume. Mtu aliyesimama ndani ya chumba cha vitabu ndiye alikuwa amesimama mahali pa mgeni.

Fundi Bakari alipomaliza alirudi nyuma, akautazama, akacheka. "Nimefunga milango tangu sijaota ndevu, sijapata kufunga kama huu. Haya basi, vitabu viko nje, na sisi ndio wenye nyumba."

Tulicheka sote. Aliyeupenda zaidi mchezo huo alikuwa Mutua, kijana wa kutoka Machakos aliyekuwa akiwatembeza wageni. Mutua huyo alikuwa na uongo wa kila kitu. Chetezo cha kufukizia ubani aliwaambia wageni ni kikombe cha kahawa cha sultani. Basi akawa anawaingiza watalii wachache wanaokuja katika chumba cha vitabu, anawafungia, anawafundisha kugonga pete na kusema "hodi", kisha yeye sebuleni anapiga kelele "Karibu!" na kuwafungulia. Walipiga picha, wakafurahi.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri. Mvua ilikuwa imekaza tangu asubuhi na mle ndani mmeingia giza. Mama Kofia alikuwa kwao Ulaya. Mutua alikuwa Ukunda, amekwenda kununua mafuta ya taa. Fundi Bakari alikuwa amerudi Jego kuchukua kizingiti cha chini cha mlango ule, kilichosahauliwa kwenye kifusi. Dada alikuwa amejilaza mkekani katika chumba cha nyuma, karibu na jiko, kiuno kikimuuma. Nami nilikuwa sebuleni peke yangu nasugua mrashi. Chumba cha vitabu nilikuwa nimekifunga kwa komeo, kwa mkono wangu. Hakina mlango mwingine, na dirisha lake lina nondo.

Pete ikagonga.

"Hodi."

Niliacha kusugua. Pete ikagonga tena, pole pole.

"Hodi wenyewe."

"Mutua, wacha mchezo wako," nilisema. Nilidhani amerudi mapema, akajificha mle kabla sijafunga. Lakini hakucheka mtu. Ilikuwa mvua tu juu ya paa.

"Hodi hapa, jamani. Mvua inanipiga."

Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, aliyechoka. Je, wewe ungefanya nini? Usinijibu haraka. Wewe uliyefundishwa tangu hujajua kufunga leso kwamba hodi ya mtu mzima haiachwi hewani, ungenyamaza? Akili yangu iliniambia mle hamna mtu. Mdomo ukasema wenyewe:

"Karibu."

"Starehe," akajibu. Komeo likateleza. Mimi sikuligusa, nilikuwa mbali nalo.

Alikuwa mwanamke mrefu, wa makamo, leso zake mbili zimemganda mwilini kwa maji. Nyuma yake niliona rafu za vitabu, kila kitu mahali pake, pakavu kabisa. Lakini yeye alikuwa akichuruzika. Miguuni alikuwa na tope jeusi, lile tope la mikokoni, ambalo kwetu kwenye mchanga mweupe huwezi kulipata hata ulitafute.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

Hakuitika. Niamini, hilo lilinitisha kuliko komeo. Mtu mzima wa pwani, umpe shikamoo, aiache ianguke chini?

"Mmekawia kunijibu," alisema.

"Nisamehe bibi, nilikuwa kazini."

"Mmekawia sana."

Akavua leso ya juu na kunyoosha mkono ukutani kuitundika, mahali ambapo hapakuwa na kigingi. Leso ikaanguka sakafuni. Aliitazama. Kisha akaenda kama mtu anayeijua nyumba, akakata kulia, akakutana na ukuta. Akaupapasa kwa viganja vyote viwili.

"Mmeibadilisha nyumba," alisema.

Ndipo dada alipoguna kule nyuma, usingizini. Mwanamke yule akageuza kichwa.

"Kumbe kuna mja mzito."

Nilitaka kusema hapana. Yeye alikuwa ameshanipita, ameingia chumba cha nyuma, ameketi mkekani kando ya dada yangu kama jamaa aliyekuja kumpa pole. Maji ya nywele zake yakawa yanamdondokea dada usoni, na dada haamki. Nilimwita: "Mwanamisi! Dada!" Hakufungua hata jicho.

Mwanamke akaweka mkono juu ya tumbo la dada. Sikiliza, hili niliona kwa macho yangu. Tumbo lile lilisogea lote upande mmoja. Mtoto alikuwa anaukimbia ule mkono. Mkono ukamfuata. Akakimbilia upande wa pili, mkono ukamfuata tena, taratibu, bila chuki, mpaka mtoto akatulia.

"Wangu alicheza hivi hivi," alisema. "Alikuwa anacheza nilipokuwa nabisha."

"Bibi," nilisema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Huyo ni wa dada yangu."

"Najua. Mimi ni mgeni, umenikaribisha wewe. Mgeni wa kwenu hafungiwi kitu cha kwenda nacho?"

Nilielewa alichokuwa anataka kufungiwa. Ningemwambiaje aondoke? Sikuwa nimewahi kumfukuza hata kuku wa jirani bila kuona haya. Mtu mwenye moyo angepiga kelele, angesoma dua, angemvuta dada kwa miguu. Mimi nilifanya kile nilichofundishwa. Mgeni akitaka kitu, unatazama ulichonacho, unampa kilicho kizuri. Mkono wangu ukaingia kwenye kikapu cha dada, ukatoka na ile mbeleko nyekundu.

"Nimekufungia hii, bibi," nikasema. "Sasa inuka nikusindikize."

Aliitazama muda mrefu. Kisha akautoa mkono tumboni, akaipokea. Kwa mkono wa kulia, kama inavyotakiwa. Akajifunga mbeleko mgongoni, akainama kidogo kama anavyoinama mama akipandisha mtoto, na mle ndani ya nguo hamkuwa na kitu.

Tulikwenda mpaka mlangoni, yeye mbele mimi nyuma. Akaufungua. Vitabu havikuwapo. Palikuwa na uwanja wa tope, mvua inapiga, na kwa mbali miti mifupi myeusi iliyosimama ndani ya maji.

"Nisindikize mpaka njiani," alisema, akanyoosha mkono.

Vidole vya miguu yangu vilikuwa vimefika pale ambapo kingekaa kizingiti. Nilihisi baridi ya upande ule kwenye kucha. Na nakuambia ukweli, haya zilinivuta nimfuate, kwa sababu kumwacha mgeni mlangoni ni jambo baya. Lakini dada alikohoa nyuma yangu.

"Mwisho wangu ni hapa, bibi."

Hakukasirika. Alitikisa kichwa kama mtu aliyelitegemea jibu hilo.

"Haya. Kwaheri ya kuonana."

Akaufunga mwenyewe.

Sijui nilisimama pale kiasi gani. Nilichosikia baadaye ni makofi. Mtu alikuwa nje ya mlango wa jikoni anapiga makofi, pa, pa, pa, hasemi neno. Nilikwenda kumfungulia. Alikuwa Fundi Bakari, amelowa, hana kile kizingiti, hana maneno yake mengi.

"Mbona hukubisha hodi, babu?"

"Wacha," alisema. "Sitasema neno hilo tena kwenye nyumba yenye mlango ule." Kisha akaona tope jeusi sakafuni, limetoka chumba cha vitabu mpaka mkekani na kurudi. Akakaa chini papo hapo. "Mwanangu. Umeitikia?"

"Nimeitikia."

Alivua kofia, akaishika magotini, akanieleza aliyoambiwa na mzee mmoja wa nyumba ile ya Jego. Zamani palikuwa na mke katika nyumba hiyo, mama mkwe hakumpenda. Akamsingizia jambo, akamfukuza, naye tumbo liko karibu. Yule mke alishika njia kwenda kwao, akakuta maji yamejaa mikokoni, hakuna pa kupita, mvua ya usiku. Akarudi. Akabisha. Ndani walikuwa wamekaa macho wote, na mumewe pia, na mama mkwe akasema atakayeitikia atamfuata huko nje. Alibisha mpaka sauti ikaisha. Asubuhi walimkuta juu ya kizingiti, yeye na aliyekuwa tumboni.

"Tangu hapo," Fundi Bakari alisema, "watu wa nyumba ile hawapiti mlango wa mbele. Wageni wao huja kwa nyuma na kupiga makofi. Mlango ukibisha, wao hunyamaza. Mababu wamenyamaza, watoto wamenyamaza, mpaka nyumba imewaangukia. Kizingiti wamekataa kunipa, wamekizika."

Uchungu ulimshika dada kabla ya isha. Alijifungua salama mtoto wa kiume, ambaye alikaa kimya muda wa kututoa roho, kisha akalia. Tulimwita Kombo. Dada alipoulizia mbeleko nilimwambia yote. Yeye mwenye kunicheka kila siku hakucheka, wala hakunipiga. Aliuliza neno moja tu.

"Aliipokea kwa mkono gani?"

"Wa kulia, kama mtu anayepokea kilicho chake."

Akamvuta mtoto kifuani na kugeukia ukuta.

Mutua aliporudi na mafuta ya taa alituambia, "Wee, achaneni na hizo story, hiyo ni mvua imeingia na dirisha." Lakini yeye ndiye aliyelipiga deki lile tope, na tangu siku hiyo sikumsikia tena akiwafundisha watalii kubisha. Haukupita muda akaenda zake kwao. Sisi pia tuliacha kazi.

Ungesema yameisha. Nami nilisema hivyo, mpaka Kombo alipoanza kunena.

Neno lake la kwanza lilikuwa hodi. Watoto wote hulisema, ndiyo, wanapotaka kuingia. Kombo hakulisema akiingia. Akiingia ndani hupita tu kama upepo. Ni wakati wa kutoka ndipo anaposimama mlangoni, ameelekea nje, ameielekea njia, anagonga ubao kwa kidole na kusema: "Hodi. Hodi wenyewe." Kisha anangoja. Tumemkemea, tumembembeleza, tumempeleka kwa maalimu akasomewa. Bado anangoja. Kwa hiyo nyumbani kwetu kuna sheria: Kombo akibisha, hakuna kuitikia, mmoja wetu anamshika mkono na kumtoa nje mwenyewe.

Msimu wa mvua uliopita, alasiri, alisimama mlangoni namna hiyo. Dada alikuwa anapepeta mchele. Mimi nilikuwa nyuma ya mtoto, nakaribia kumshika.

"Hodi," Kombo alisema kuiambia mvua.

Na huko nje, uwanjani, ambako hapakuwa na mtu, sauti ikajibu: "Karibu, mwanangu."

"Starehe," Kombo akasema, akainua mguu.

Nilimdaka kwa ukosi wa shati. Shati lilichanika mpaka kiunoni, lakini sikuachia. Mvuto wa upande wa pili niliusikia mpaka begani, na bega hilo mpaka leo halinyanyuki vizuri. Ungo wa dada ulikuwa umepinduka, mchele umetapakaa, naye ameshika kiuno changu kwa nyuma ananivuta. Ghafla mvuto ukaachia, tukaanguka sote. Kombo alilia sana. Alilia kwa kuzuiwa, si kwa kuogopa.

Ule mlango wenyewe haupo tena Msambweni. Mama Kofia aliporudi hakutaka kusikia habari zetu, lakini baadaye aliuuza. Ulikwenda wapi sijui. Wengine wanasema umefungwa katika hoteli moja huko Galu, wengine wanasema umevuka bahari. Mahoteli yanapenda milango ya kale. Wanaisugua mafuta, wanaifunga popote, hawaulizi ilikuwa ikitazama wapi.

Basi ukiwa katika nyumba ya watu au ya makumbusho, ukaona mlango wa nakshi ya mnyororo, inama utazame chini upande wa kushoto. Ukiona pete moja haikuunganishwa, toka. Na kama umekawia kutoka, ukasikia hodi kutoka chumba ambacho unajua hamna mtu, nyamaza. Iache ile sauti ichoke. Iache ikulilie mvua, ikuite mwana, ikuite mama. Utajiona huna adabu.

Mimi kila Kombo anapokaribia mlango namshika kwa mkono huu mmoja uliobaki mzima, na natamani siku ile ningekuwa sina adabu.